Muhuri wa Jumatatu

Mbarouk Shaame aliihesabu mifuko mara ya pili, kwa kidole, kama mtu anayehesabu wageni ambao hakuwaalika. Mifuko kumi na miwili ya nailoni, imetungikwa kwenye bomba la chuma katika chumba cha kubadilishia nguo. Ndani ya kila mfuko mlikuwa na ovaroli nyeupe iliyofuliwa, nje jina la mwenyewe, na mdomo umefungwa kwa mashine ya joto. Mashine hiyo ikifunga mfuko hupiga na muhuri wa tarehe.

Mifuko kumi na mmoja ilikuwa na muhuri wa Ijumaa. Wa kumi na mbili, wenye jina la Sundus, ulikuwa na muhuri wa leo, Jumatatu.

Akatoa simu, akaupiga picha.

"Usiguse," Profesa Priya alisema nyuma yake.

"Sijagusa."

"Pumzi yako imegusa."

Profesa Priya ndiye mkuu wa maabara. Bibi yake alitoka Nakuru, yeye mwenyewe kazaliwa Stanmore, London, na Kiswahili alichorithi kilikuwa cha kuamrisha tu: leta, ngoja, funga mlango. Basi yeye na Mbarouk walisemezana Kiingereza, kila mtu na lafudhi yake, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Mbarouk alikuwa mpelelezi wa kukodiwa. Miaka ishirini na miwili alifuatilia watu waliodai bima kwa viuno ambavyo havikuvunjika. Safari hii chuo kilitaka mtu asiye na rafiki ndani ya chuo. Wakampata yeye, ambaye hakuwa na rafiki ndani wala nje.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Sundus, mwanafunzi wa udaktari, alitengeneza chipu zenye kutoa mwanga. Mpaka Agosti chipu zake ziliwaka kuliko za mtu yeyote pale. Tangu mwisho wa Septemba alitengeneza saba, na zote saba zilikufa. Mwenzake Tevin, mashine ile ile, maelekezo yale yale, siku ile ile ya Jumanne, zake ziliwaka. Wakubwa wakaanza kuulizana kama ule mwanga wa kwanza uliwahi kuwepo, au binti aliuchora kwenye kompyuta. Kikao ni Alhamisi saa nne asubuhi. Wakisema alighushi, anafukuzwa, na hakuna chuo kingine kitakachomfungulia mlango.

"Nieleze tena huyo elektroni," Mbarouk alisema. "Nieleze kama mtu wa kawaida."

"Wewe ni mtu wa kawaida?"

"Leo nimejaribu."

Profesa akaegemea ukuta. "Mchukue elektroni, mfungie chumbani. Chumba chenyewe ni nukta ya madini, upana wake nanomita ishirini. Kwenye upana wa unywele wako mmoja," akakitazama kichwa cha Mbarouk, "wa unywele wangu mmoja, unaweza kupanga vyumba elfu kadhaa. Elektroni akibanwa hivyo hatulii. Kadiri chumba kinavyokuwa kidogo ndivyo anavyohangaika. Tukimpiga kwa leza anaruka juu, na pale alipokuwa panabaki tundu. Akirudi kwenye tundu lake anatoa chembe ya mwanga. Chembe moja tu. Chumba kikiwa kidogo sana mwanga unaelekea kwenye buluu, kikiwa kikubwa unaelekea kwenye wekundu. Wa Sundus ulikuwa mwekundu."

"Na asipotoa mwanga?"

"Basi ameshukia njia nyingine. Siku ya Jumanne tunazichonga chipu, na kuta za vile vyumba zinakaa wazi saa nne nzima. Uchafu ukigusa kuta, elektroni ananaswa pale. Anashuka kimya kimya, anaacha joto kidogo, na hakuna anayejua kama aliwahi kuwepo."

"Huyo anakaa Hounslow," Mbarouk alisema.

Profesa hakuelewa, naye hakumfafanulia kwamba huko ndiko anakokaa mwenyewe.

"Mnaipima hewa ya maabara?"

"Kila dakika. Kipimo kinahesabu vumbi, na vumbi hakuna."

"Na kisichokuwa vumbi?"

"Mvuke, mafuta, moshi, hivyo hakivioni. Lakini moshi utoke wapi? Kila dari ina kengele. Mara ya mwisho zililia Machi, mtu alipounguza mkate."

Mbarouk akaandika kwenye daftari: *Jumatatu. Mkate. Machi.* Kisha akaomba orodha ya kadi zilizofungua mlango wa ujia wa chini. Ujia ule unakwenda chumba cha kubadilishia nguo na chumba cha kufulia, basi. Kila Jumatatu saa tisa mchana, tangu Julai, kulikuwa na kadi moja isiyokuwa na kazi pale.

Kadi ya Tevin.

*

Tevin alikuwa kijana wa Kisumu, mrefu kiasi kwamba akikaa kwenye kiti cha kantini magoti yalipanda juu ya meza. Mbarouk alimkuta peke yake, ana sahani ya chipsi zilizopoa.

"Mzee, mimi sijafanya kitu."

"Sijauliza."

"Lakini unakuja kuuliza."

"Kila Jumatatu saa tisa unapita ujia wa chini. Unafuata nini?"

"Ovaroli yangu."

"Ovaroli yako unaivaa Jumanne."

Tevin alitazama mvua dirishani, akatazama chipsi. "Naangalia kama ni safi."

"Imefungwa kwenye mfuko usioruhusiwa kufunguliwa. Unaiangaliaje?"

"Nje nje tu."

"Tevin. Alhamisi mwenzako anafukuzwa. Mfuko wake, peke yake, unafungwa Jumatatu. Na wewe, peke yako, uko pale Jumatatu. Mimi nikiandika hayo mawili kwenye karatasi moja, nani atanilaumu?"

Kijana akashusha magoti. "Ni chai," alisema.

"Chai?"

"Chai na mahamri. Kuna mama wa pale londri, huniwekea. Ulijua hapa mtu anaweza kumaliza wiki bila kuulizwa kama amekula? Sasa chakula hakiruhusiwi ule upande. Nikisema, yeye ndiye atafutwa, si mimi. Ndio nikanyamaza."

"Jina lake nani?"

Tevin akageuza chipsi moja kwenye sahani. "Sisi humwita Mama Londri."

"Tangu Julai unakula mahamri ya mtu, jina hulijui?"

"Hata yeye huniita 'we mrefu'."

"Na mashine ya kufunga mifuko iko wapi?"

"Kando ya birika."

"Umewahi kuigusa?"

"Mzee, mimi hata birika naogopa. Yeye ndiye hufunga. Kila Jumatatu hufunga mmoja tu, anasema ulichelewa."

Mbarouk akateremka ngazi mbio, mbio ya mtu wa miaka hamsini na minane. Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa umefungwa. Karatasi mlangoni ilisema kazi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mpaka saa kumi. Ilikuwa saa kumi na dakika sita. Akapiga simu kwa kampuni iliyomwajiri huyo mama. Sauti ya mashine ikamshukuru kwa uvumilivu wake, ikamshukuru tena, ikakata.

*

Sundus alimsubiri kwenye benchi la ghorofa ya tatu, koti amelifunga mpaka shingoni, kama abiria aliyeachwa na ndege.

"Shikamoo, anko," alisema. Shikamoo yake ilikuwa ya mtoto aliyezaliwa London, imenyooka mno, kama imepigwa pasi. Baada ya hapo akahamia Kiingereza.

"Marahaba, mwanangu. Nani anakuchukia hapa?"

"Hakuna."

"Nani anakupenda?"

Akafikiri. "Hakuna pia."

"Basi nani ameua chipu zako?"

"Mimi."

Mbarouk alikuwa amesikia maungamo mengi, lakini kwa kawaida hutanguliwa na uongo wa nusu saa. Akaweka kalamu chini. "Umefanya nini?"

"Nanuka."

"Unanuka nini?"

"Udi." Akashusha sauti. "Mama yangu anakaa Rayners Lane. Anafukiza asubuhi, anafukiza magharibi, mapazia, makochi, sisi wenyewe. Kwenye mlango wa maabara kuna tangazo: hakuna manukato, hakuna vipodozi, hakuna moshi. Nililisoma siku ya kwanza. Halafu Septemba nikaanza kuusikia. Kila Jumanne nikifungua mfuko na kuvaa ovaroli, nasikia harufu ya nyumbani. Ndani ya maabara hewa inavutwa chini kila sekunde, hakuna mwingine anayeisikia. Mimi naisikia."

"Ukafanyaje?"

"Nikaacha kwenda kwa mama. Nikatupa nguo zote, nikanunua nyingine. Naoga kwa sabuni ya hospitali, mara mbili. Anapiga simu namwambia nina kazi. Anatuma biriani kwa binamu yangu, namwambia aliache kwa mlinzi." Akazitazama kucha zake. "Mlinzi amenenepa."

"Kwa nini hukumwambia profesa?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama yangu anaua elektroni?"

Mbarouk akafungua daftari. "Mara ya mwisho kwenda Rayners Lane lini?"

"Tarehe nne Oktoba."

"Kabla ya hapo chipu ngapi zilikufa?"

"Mbili."

"Baada?"

"Tano."

"Na harufu?"

"Ipo vile vile. Ndiyo maana najua imeingia kwenye ngozi."

"Sundus. Udi nauelewa. Kwenye nguo unakaa siku tatu, nne. Kwenye shela iliyofungiwa kabatini unakaa miezi." Alisita hapo kidogo. "Kwenye ngozi ya mtu anayejisugua na sabuni ya hospitali, wiki nane? Hapana. Ungekuwa unatoka kwako, sasa ungekuwa umepungua. Haujapungua kwa sababu unaongezwa."

"Na nani?"

"Hilo sijui. Ninachotaka kujua kwanza ni kama unatoka kwako au kwenye mfuko. Kesho utavaa ovaroli ya Tevin, na Tevin atavaa yako."

Sundus alimtazama. "Na chipu yangu ikifa tena?"

"Basi Alhamisi sitakuwa na la kusema."

Tevin naye, alipoambiwa, hakufurahi. Chipu yake ilikuwa ya kazi ya wiki mbili. "Mzee, ikikufa?"

"Ikifa ndiyo tumepona."

"Nani, sisi?"

"We mrefu," Mbarouk alisema, "kumbuka mahamri."

*

Jumanne asubuhi Profesa Priya alisimama nyuma ya kioo, mikono amefumbata, asiamini mtu. Mbarouk alisimama kando yake, amevalishwa kofia ya nailoni ingawa hakuwa na nywele za kuanguka.

Sundus alikuwa wa kwanza. Ovaroli ya Tevin ilimmeza. Mikono ikabidi ifungwe kwa utepe, na miguu ikakunjwa mara tatu. Akaenda kwenye mashine akitembea kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Alipotoka mchana, wakampa Tevin mfuko wenye muhuri wa Jumatatu.

Tevin akaupasua. Kisha akasimama, pua juu.

"Kanisa," alisema.

"Nini?" profesa aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Inanuka kanisa! Nilikuwa nabeba chetezo misa ya Pasaka, naijua hii."

Sundus, aliyekuwa mlangoni akibandua utepe, akaja mbio, akatia uso mzima ndani ya mfuko mtupu. Alikaa humo muda. Alipoutoa, macho yalikuwa mekundu, na alisema Kiswahili, bila kukusudia.

"Si mimi."

Ovaroli yake ilimkomea Tevin chini kidogo ya magoti. Profesa aliamuru miguu iliyobaki izungushiwe nailoni, na hakuna aliyecheka, kwa sababu profesa alikuwa anatazama.

Jumatano asubuhi chipu mbili zilikuwa kwenye chombo cha kupozea, kwenye baridi isiyopatikana hata Januari ya London. Taa zikazimwa. Leza ya kijani ikateremshwa juu ya chipu ya Tevin, na wote wanne wakaitazama skrini.

Giza. Profesa akaongeza nguvu ya leza, na giza likabaki lile lile.

"Wiki mbili," Tevin alinong'ona.

Profesa akahamisha leza. Kwa pumzi mbili skrini ilibaki nyeusi, na Sundus akatazama sakafu. Kisha pakatokea nukta nyekundu. Ikafuata ya pili, mbali na ya kwanza, halafu nyingine na nyingine, kila moja kivyake, na giza kubwa katikati yao, kama madirisha ya Hounslow saa kumi na moja Novemba, watu wanaporudi kazini wakawasha taa, kila mtu chumbani kwake.

"Sundus," Mbarouk alisema. "Inua kichwa."

Profesa Priya alitafuta pa kushika nyuma yake. Halafu, kwa Kiswahili cha bibi yake wa Nakuru, akasema, "Leta kiti."

*

"Hodi."

"Kama hujaja kutengeneza mashine, usinizibie njia."

"Shikamoo, Bibi."

Bibi aligeuka mzima mzima. Alikuwa mfupi, mtandio kichwani, aproni ya kazi juu ya sweta mbili, umri wake kama sabini kasoro. "Marahaba! Wa wapi wewe?"

"Chake Chake."

"Mie wa Wete. Basi leo tusigombane. Na hapa unakaa wapi?"

"Hounslow."

"Masikini. Na ndege zote zile." Akavuta ndoo, akaigeuza, akampa akae. Birika lilikuwa limeshachemka, karibu na mashine ya kufunga mifuko, kama Tevin alivyosema.

"Naitwa Mbarouk Shaame, napeleleza mambo ya juu huko. Na wewe Bibi, jina lako?"

"Mama Londri."

"Hilo la kazini. Ulilopewa na wazee."

Alimimina chai kwanza. "Mwanamwema," alisema. "Mwanamwema Khamis Faki."

"Bi Mwanamwema, ovaroli ya Sundus Ijumaa inalala wapi?"

Kijiko kikasimama kikombeni. "Nani kasema inalala?"

"Muhuri. Wenzake wote Ijumaa, yeye Jumatatu."

Bibi akaigeukia mashine, akaitazama vibaya. "Mmbea mkubwa we," aliiambia. Kisha akamrudia Mbarouk. "Nakwenda nayo kwangu. Hapa ukikohoa tu kengele inalia. Kwangu nina tenga la kufukizia, nina chetezo, na udi napika mwenyewe, wa sukari na uturi, si huu wa dukani unaonuka mbao. Jumamosi moshi mmoja, Jumapili moshi wa pili. Jumatatu naileta, naifunga."

"Kwa nini?"

"Kwa nini, anauliza!" Akakaa juu ya kapu la nguo. "Mwezi wa tisa alipita hapo mlangoni. Watoto wote hupita hapo, masikio wameziba kwa vile vidude. Huyu akavitoa. Akasimama. Akasema shikamoo. Kibovubovu, kama anasoma karatasi ya dawa, lakini alisema. Nipo chini huku mwaka wa kumi na moja, bwana Mbarouk, shikamoo ya kwanza hiyo. Nikalitazama jina kwenye ovaroli aliyoiacha kapuni, Sundus, nikasema huyu wetu. Nikainusa. Inanuka nini? Hainuki! Nguo ya msichana mzima, haina hata chembe ya harufu! Sanda ina harufu kuliko ile. Nikasema, labda mama yake yuko mbali. Mie nipo."

"Mwenyewe ulimwambia?"

"Mtu akifukiziwa nguo huambiwa? Anavaa, anajua kuna mtu."

Mbarouk akanywa chai. Ilikuwa na iliki, na ilikuwa muda mrefu hajanywa chai aliyopikiwa.

"Na yule mrefu? Yeye hukumfukizia?"

"Shida ya yule tumbo."

Basi akamweleza. Alimweleza kwa Kiswahili chepesi, kile chumba kidogo, elektroni anayetoka na kurudi kwenye tundu lake, na mafuta ya moshi yanayopanda kutoka kwenye nguo yakakaa ukutani, elektroni akanaswa, asitoe mwanga. Bi Mwanamwema alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo ilionekana halimtokei mara nyingi.

"Zimekufa ngapi?"

"Nane, pamoja na ya Tevin."

"Na yeye mtoto?"

"Kesho saa nne walikuwa wanamfukuza. Na mama yake hajamwona wiki nane, akidhani harufu inatoka huko."

Mashine ya kufulia ilimaliza mzunguko, ikatulia. Bibi akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena ikiwa chafu zaidi.

"Sasa wanataka mtu," alisema.

"Wanataka sababu. Naweza kuandika 'mfanyakazi wa kufulia'. Inatosha kumwokoa Sundus. Tangazo la moshi liko ndani ya mlango ambao kadi yako haiufungui, hukuwahi kuliona. Lakini nikitaja jina, kampuni yako inaweza kukuachisha kazi. Siwezi kukuahidi vingine."

"Mfanyakazi wa kufulia ni nani huyo?"

"Bibi—"

"Hebu tazama." Akaivuta kadi yake kwenye kamba ya shingo, akamwekea usoni. Mahali pa jina paliandikwa *Londri 2*.

"Londri 1 ni nani?" Mbarouk aliuliza.

"Na mie nashangaa. Miaka kumi na moja sijamwona." Akairudisha kadi kifuani. "Kwenye jumba lote hili hakuna karatasi yenye jina langu. Leo kuna kitu nimefanya mpaka maprofesa wamekosa usingizi, halafu uniandike mfanyakazi? Udi wangu, kosa langu. Andika jina, na la baba, na la babu. Na uandike kwamba sikujua."

Mbarouk akatoa daftari na kuandika, naye Bi Mwanamwema akainuka, akasimama juu ya bega lake mpaka herufi ya mwisho.

Alipoaga, bibi alimtilia kitu mfukoni mwa koti, kimesokotwa kwenye karatasi. "Umekuja hapa unanuka kama ovaroli," alisema. "Huna mtu?"

"Alikuwepo."

"Basi fukiza mwenyewe. Mikono si unayo."

*

Ripoti ilikuwa kurasa mbili. Aliipeleka saa tisa na nusu. Saa kumi na robo Profesa Priya alijibu: kikao cha kesho kimefutwa, Sundus anaendelea na masomo, na ameiandikia kampuni ya usafi kwamba kosa ni la mlango wa maabara, si la Bi Mwanamwema Khamis Faki, na kwamba anamtaka aendelee na kazi pale pale. Kampuni ilikuwa bado haijajibu. Tangazo jipya litabandikwa chumba cha kufulia, kwa Kiswahili, na Mbarouk ndiye atakayeliandika. Chini kabisa aliongeza maneno mawili ya bibi yake: *Leta kesho.*

Mbarouk alimkuta Sundus kwenye ngazi za mbele, simu sikioni, mvua inamwagikia. "Mama," alikuwa anasema. "Mama, kuna chakula?" Upande wa pili palipigwa kelele mpaka akaiweka simu mbali na sikio. Alimpungia Mbarouk mkono, akateremka mbio kuelekea stesheni.

Mbarouk akapanda treni yake. Hounslow ilikuwa kiza tayari, ingawa saa kumi na mbili ilikuwa haijafika. Akapasha wali wa jana, akatoa sahani moja. Koti akalitundika nyuma ya kiti cha upande wa pili wa meza, kile kisichokaliwa, akaikumbuka ile karatasi.

Chetezo cha marehemu mkewe alikitafuta kabatini asikipate. Akachukua kifuniko cha sufuria, akakiweka juu ya jiko, akatia kipande cha udi kama alivyoona ikifanywa miaka thelathini bila kusaidia. Moshi ukapanda, mzito, mtamu, ukalizunguka koti. Akavuta pumzi.

Kengele ya dari ikapiga yowe.

Alikuwa juu ya kiti, akiipepea kwa daftari la kazi, aliposikia mlango unagongwa. Alidhani ni kengele tu imebadilisha mlio. Ukagongwa tena. Akashuka, akafungua.

Kwenye ujia alisimama mzee mwenye kilemba na soksi, mkononi ana mtungi wa kuzimia moto ameubana kama mtoto mchanga. Alikuwa wa mlango wa pili. Walikuwa wamepishana kwenye ngazi mara zisizohesabika.

"Kuna moto?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Hapana. Ni udi."

Mzee akanusa. Akausogeza mtungi pembeni, akanusa tena, vizuri zaidi. "Umekaa hapa muda gani?"

"Miaka sita."

"Mimi tisa," alisema. "Naitwa Mohinder."

Mpelelezi akaufungua mlango mpaka mwisho, akamtajia jina lake. Mzee hakulipata mara ya kwanza, akaomba alirudie, naye akalirudia taratibu, na la baba, na la babu, kengele inalia juu ya vichwa vyao.